Nisomee mashine za maji ya chumvi au mitambo ya majitaka? Niko Malindi, nna D+

KijanaWaMuyeye (Malindi)

Assalaam aleykum wanajamvi, na habari za jioni kwa wote. Naomba msinipite, hili jambo limenikaa kichwani mwezi mzima sasa.

Mimi ni wa hapa Malindi, Muyeye, nna miaka 23. Fomu foo nilipata D+, sikuendelea kwa sababu ya mambo ya nyumbani. Huu mwaka wa tatu niko kwenye lori la ami yangu la kunyonya makaro. Kazi haikosi, kila nyumba ina karo lake, mahoteli, gesti, majumba ya kupangisha, na msimu wa wageni ukifika tunaamka saa kumi alfajiri. Sioni haya kuisema, imetulisha na wadogo zangu wanasoma kwa hiyo hiyo.

Sasa mwezi uliopita tuliitwa hoteli moja upande wa baharini, nikakuta vitu sijawahi kuviona. Nyuma ya jikoni wameweka mtambo mpya wa majitaka, matanki matatu yamezikwa nusu, hewa inapulizwa kutoka chini mpaka maji yanatokota kama chungu cha uji bila moto, na ndani vinaelea vigurudumu vya plastiki vidogo vidogo kama vizibo vya soda vilivyotobolewa, maelfu. Huku yanaingia meusi yananuka, kule yanatoka maji unaona mpaka chini ya ndoo, wanamwagilia majani. Na pembeni yake kuna kontena lina mashine ya RO, kisima chao ni cha chumvi wanakigeuza maji ya kunywa. Nikamuuliza bawabu nani anaviendesha hivi, akasema fundi hutoka Nairobi mara moja kwa mwezi, katikati ya hapo kikizima kimezima, wananunua maji ya bowza.

Hilo ndilo halijanitoka. Mtu anapanda basi kutoka Nairobi kuja kututengenezea maji Malindi na sisi tuko hapa tumekaa.

Kwa hivyo nauliza walio ndani ya hii kazi. Nisome kipi, mashine za chumvi au majitaka? Na kwa D+ nitaingilia wapi? Hii miaka mitatu ya lori itahesabika popote au ni kama sikufanya kitu? Na kuna rafiki yangu ananiambia nisijisumbue mashine za sasa zinajiendesha zenyewe, baada ya miaka mitano hakuna ajira humo, je ni kweli? Dada yangu aliyeolewa Lamu amesema atanisaidia ada, lakini ni mara moja tu, nikikosea njia sina nyingine.

MtuWaStima (Kilifi)

Kaka karibu. Mimi ushauri wangu mfupi, anza na stima. Huo mtambo wa vigurudumu uliouona na hiyo RO ukivifungua vyote ndani utakuta mota, draivu (kile kifaa cha kurekebisha kasi ya mota), paneli, sensa. Siku hizi pampu nyingi za visima zinaenda na sola na inverta, na zikiharibika mara nyingi ni umeme, maji yenyewe hayana kosa. Mimi nilifanya mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, gredi ya 3 nikapanda mpaka ya 1, na kazi za maji ndizo zinazonilisha zaidi ya kazi za nyumba. Ukijua stima utaitwa na wa chumvi na wa karo wote.

Fundi wa Langoni (Lamu)

Wa aleykum salaam mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili. Mimi ni mtu mzima, maji nimeyafanyia kazi tangu sijaota ndevu, nilianza na punda na madebe, nikaja pampu za dizeli, sasa nalea mashine mbili za RO za watu binafsi huku visiwani kwetu.

Huyu ndugu wa stima hajakosea ila mimi nitaanza kwingine, manake vijana wengi wanakuja wanataka kushika skrini na hawajui maji yenyewe yanakaa vipi. Hapa Lamu mai ya mji (ndivyo tunavyoyaita) yatoka visima vya Shela chini ya vile vilima vya mchanga. Mvua ikinyesha mchanga hauachi kitu juu, wanywa yote, yanashuka mpaka yanakutana na maji ya bahari yaliyopenya chini kwa chini, na maji matamu kwa kuwa ni mepesi yanaelea juu ya yale ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Wataalamu wana hesabu yake ya miaka mingi, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake pana kama mita 40 zimezama. Sasa igeuze hiyo hesabu. Ukivuta kwa pupa ukayashusha mita moja tu, chumvi inapanda kutoka huko chini mita 40 kukufuata. Na kisima kikishaingia chumvi hakitoki leo wala kesho.

Ndio maana kifaa kipya nilichokipenda kuliko vyote si hiyo RO. Ni kijiti cha sensa, urefu wake kama kalamu mbili, unakiteremsha kisimani na waya, kinapima kina cha maji na chumvi kila baada ya muda na kukuletea kwenye simu. Miaka yote mimi nilikuwa nikipima kina kwa kamba na jiwe, na chumvi kwa ulimi. Ulimi ukikwambia chumvi imeingia basi imeshaingia zamani. Kile kijiti kinaniambia mapema, napunguza pampu, kisima kinapumzika.

Turudi kwenye RO. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita, na kuyasukuma yapite kwenye membreni (ile ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia chumvi) yataka presha ya bari 55 mpaka 70, na hapo ukiingiza lita kumi unapata nne hivi za kunywa, zilobaki zinatoka na chumvi kali zaidi na lazima ujue unazipeleka wapi. Ya kisima cha chumvi nafuu, bari 10 mpaka 25 inatosha mara nyingi. Kule Kiunga tangu 2018 kuna mtambo wa GivePower unaotoa chumvi kwa nguvu ya sola, kwa ajili ya watu waliokuwa wakinywa maji ya visima vya chumvi. Kwa hivyo si ndoto, iko hapa hapa kaunti yetu.

Sasa nikusimulie. Kuna mahali kisiwani nimeitwa, mashine ina miezi minane tu, mwenyewe analia maji yametoka tone tone na yana chumvi. Nimefika nimeangalia geji mbili za filta, ile ya kuingia yasoma bari 4, ya kutoka moja na nusu. Hapo tayari nimejua. Filta ile ya kwanza ya maikroni 5, ambayo kazi yake ni kukinga uchafu usifike kwenye membreni, ilipoziba yule kijana wa pale aliona mashine inazima zima akaitoa kabisa akafunga kifuniko kitupu ili wageni wapate maji, halafu siku ya pili akaweka nyingine bila kusafisha. Nimemuuliza daftari la vipimo liko wapi, akanionesha, kurasa mbili za mwanzo zimejaa mwandiko mzuri wa fundi aliyefunga mashine, zilobaki nyeupe. Tumetoa membreni moja tukaikata kwa msumeno, ukiifunua ni kama mkeka uliokunjwa, shuka juu ya shuka, na kila shuka ina utelezi wa kahawia unanuka kama shombo la dau lililokaa juani. Membreni sita zote zimetupwa. Hakuna chuma kilichovunjika pale, kilichokosekana ni mtu wa kuandika namba nne kila asubuhi, presha kabla ya filta, presha baada ya filta, maji yanayotoka kwa saa, na chumvi ya maji yanayotoka. Namba nne tu, dakika kumi.

Kwa hivyo hilo la rafiki yako la mashine kujiendesha mimi nalikataa. Mashine hazikosi mnunuzi, wafadhili wananunua, mahoteli yananunua. Zinakosa mwenyewe wa kukaa nazo. Hapo ndipo ajira yako ilipo.

Na nikwambie jambo moja dogo. Nyumba zetu za zamani chooni mna birika la maji, na ndani ya birika wanawekwa vijisamaki ili wale viluwiluwi vya mbu, chini kunawekwa bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Nilipokuwa kijana nilitia klorini kwenye tanki la mtaa wetu kwa kukadiria, nikamimina tu. Jioni nyanya yangu akaniita, samaki wote wanaelea matumbo juu. Hakunigombeza, alisema tu "hawa wamekuwamo tangu sijaolewa". Tangu siku ile sitii dawa bila kupima.

KijanaWaMuyeye

Ami, ahsante sana, hii ya samaki nimemsomea mamangu na amenyamaza muda mrefu, kwao Siyu walikuwa nalo birika. Nimeelewa hilo la namba nne. Swali langu sasa ni hesabu, nilipata D ya hesabu na nasikia hii kazi ni hesabu tupu. Na je hakuna aliye upande wa majitaka anishauri, wote naona mnanivuta kwenye chumvi.

BintiWaMaabara (asili Barani Malindi, sasa Mombasa)

Mdogo wangu mimi niko upande huo, nafanya maabara ya maji na majitaka, mwaka wa tisa huu, na nitakuvuta kwenye majitaka bila kuficha.

Kwanza shule. Kuna chuo cha serikali cha maji, KEWI, makao yake South C Nairobi, na kina matawi Kisumu na Kitui. Diploma kwa kawaida wanataka C-, kwa D+ utaingilia sertifiketi, ukimaliza unapanda diploma, wengi tulionao kazini walipita hivyo na wanaheshimika. Angalia pia kwenye tovuti ya KUCCPS wakati wa kuomba maana ndimo nafasi za vyuo vya serikali zinatangazwa, na mkopo na msaada wa serikali unaombwa kwa HELB, usimwachie dada mzigo wote. Kuhusu miaka yako ya lori, kuna utaratibu wa serikali wa kutambua ujuzi mtu alioupata kazini bila kukaa darasani, wakupime wakupe cheti, uliza kwa NITA, wana kituo chao Mombasa. Anza leo kuandika, tarehe, mahali, lori lilibeba kiasi gani, mlimwaga wapi, na ami yako akuandikie barua.

Hesabu isikutishe, ni hesabu ya sokoni. Tanki lina lita 10,000, unataka klorini miligramu 2 kwa kila lita, hiyo ni miligramu 20,000 yani gramu 20. Dawa ya unga uliyonayo si klorini tupu, imeandikwa asilimia 65, kwa hivyo gramu 20 unagawanya kwa 0.65 unapata kama gramu 31. Basi. Hiyo ndiyo ingewaokoa wale samaki wa mzee wetu hapo juu. Na uangalie unga wenyewe umekaa vipi, huku pwani kwa joto na unyevu kopo likiachwa wazi nguvu inapotea, ndio maana baada ya kutia unapima, kidonge kimoja ndani ya kichupa cha maji, yanageuka waridi, unalinganisha rangi. Maji yakifika bombani kwa mtu tunataka yawe bado na klorini miligramu 0.2 mpaka 0.5 hivi kwa lita. Mimi mpaka leo ile rangi ya waridi ikitokea asubuhi nafurahi, manake najua kuna mtoto hatahara leo.

Kwenye dawa kuna kifaa kipya ambacho vijana wa Malindi hasa mnafaa kukijua. Badala ya kununua klorini mbali na kuisafirisha, unayeyusha chumvi kwenye maji, unapitisha umeme, inatoka klorini pale pale, nyepesi kama asilimia 0.8. Chumvi si inavunwa Gongoni hapo? Lakini usije ukachukua chumvi ghafi ya shambani ukaitia, ina kalsiamu na magnesiamu, itaganda kwenye zile sahani za umeme kama ukoko wa sufuria, inataka chumvi iliyosafishwa vizuri. Na inatoa gesi ya hidrojeni, chumba lazima kiwe na pa kupumulia. Ukiwa na sola unaweza kuiendesha hata kijijini. Nani atakuwa fundi wake? Hakuna bado, ndio nakwambia.

Sasa majitaka. Wewe tayari unajua kitu ambacho wanafunzi wangu wa atachimenti inawachukua miezi. Wewe ukifungua karo unajua kwa pua. Uvundo wa yai bovu maana yake hewa hamna humo. Kwenye ule mtambo wa vigurudumu, ukienda tena, inama unuse lile tanki linalotokota, likiwa zima linanuka kama udongo baada ya mvua. Vile vigurudumu ni nyumba za bakteria, kila kimoja kina matundu ili wapate pa kushika, wanakula uchafu wetu na hewa unayowapulizia ndiyo pumzi yao. Chukua kimoja mkononi, kikiwa na utando mwembamba wa kahawia mambo ni mazuri. Hoteli ikimwaga mafuta ya jikoni mengi humo au dawa kali ya kufulia, bakteria wanakufa, na fundi wa mara moja kwa mwezi atakuta wamekufa wiki tatu.

Na kuna sheria inayowasukuma, kanuni za ubora wa maji chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, maji unayoyaachia yaingie kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita za ile tunaiita BOD, yani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watatumia kula uchafu uliobaki, tunakipima siku tano ndani ya kabati la nyuzi 20. Kila mwenye leseni anataka mtu wa kumhakikishia hiyo namba. Watu wanaogombania kazi za maji safi ni wengi, ukitaja majitaka wanakunja pua. Wewe pua yako imeshazoea, usiichezee hiyo nafasi.

Kaka wa stima nakubaliana na wewe nusu. Stima ataisoma ndani ya kozi, lakini akianza na stima peke yake atakuwa mtu wa kuitwa kitu kikiharibika. Mimi namtaka awe mtu ambaye akiwepo hakiharibiki.

MtuWaStima

Dada hapo umenifunga, sina la kuongeza. Ila draivu asome, walahi zinaungua sana huku kwa chumvi ya hewa, paneli ikikaa bila kifuniko kizuri miezi sita shaba yote imeota kijani.

DerevaWaKaro (Mombasa)

Nimeingia kwa sababu hakuna aliyegusa hili na kijana yuko kwenye lori sasa hivi. Mdogo wangu, usiingie ndani ya karo. Sema na nafsi yako hivyo kila asubuhi.

Miaka minne nyuma tulikuwa tunanyonya karo la gesti moja, kichwa cha hosi kikanasa chini, mwenzetu akasema ni hatua tatu tu nashuka nakitoa narudi. Alishuka ngazi ya pili akakaa kitako kama mtu aliyechoka, halafu akalala. Hakupiga kelele. Wa pili alishavua viatu amfuate, tukamshika kwa nguvu wawili, akitulaani kwamba tunamwacha ndugu yetu afe. Kilichomuokoa yule wa kwanza aliyeshuka ni kwamba yule mzee dereva wetu alimlazimisha ajifunge kamba kiunoni kabla ya kushuka na alimtukana kwa kujivuta vuta, tukamvuta kwa kamba ile, alipumua hospitali, leo ana duka la samaki wa kukaanga na hataki kuliona lori.

Ile ni gesi ya hidrojeni salfaidi, ndiyo hiyo hiyo ya yai bovu. Ubaya wake ikiwa kidogo unaisikia, ikizidi, kwenye kama sehemu 100 kwa milioni, inaua pua, husikii tena, unadhani imeisha. Kwa hiyo dada hapo juu akisema unajua kwa pua ni sawa ukiwa nje juu ya ardhi, ndani ya shimo pua ni muongo. Kifaa kipya ambacho mimi ningekununulia kabla ya vyote ni kile kidude cha kupima gesi nne, kinavaliwa kifuani kama simu, kinapiga kelele oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5, ya kawaida ni 20.9, na kengele ya hiyo gesi ya yai wengi wanaiweka kwenye 10. Unakiteremsha kwanza na kamba shimoni unasubiri kikwambie. Na hata kikikwambia sawa, kuingia ni kwa watu waliofunzwa, wana kamba, wana mtu juu asiyeondoka. Mwambie ami yako. Mwoneshe hii meseji.

BintiWaMaabara

Nakushukuru sana kaka, ningepaswa kulisema mimi. Nimelifuta hilo la kuinama na kunusa kwenye tanki lililofunikwa au chumba kisicho na hewa, nilimaanisha tanki la wazi juu ya ardhi.

MzalendoGhuba (Maskati)

Salaam kutoka Oman ndugu zangu. Mimi mtu wa Lamu, Mkomani, niko huku mwaka wa sita kwenye mtambo wa kutoa chumvi. Nijibu lile la mashine kujiendesha maana naliona kila zamu.

Huku ndiko kwenye yale makubwa. Abu Dhabi kuna Taweelah, wa RO, zaidi ya mita za ujazo 900,000 kwa siku. Saudia ndio wa kwanza duniani kwa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Ile mitambo ya zamani iliyokuwa ikichemsha bahari inazimwa moja moja, RO inashika mahali pake kwa sababu inakula umeme kidogo, kama yuniti 3 mpaka 4 kwa mita ya ujazo. Chumba cha skrini tuko watu wachache kweli, hapo rafiki yako amesema kweli. Lakini nje kuna kundi zima la mafundi wa sensa, na kazi yao ni moja, kuhakikisha sensa hazidanganyi. Sensa ya pH, kile kipimo cha uasidi wa maji, ikikaa wiki kadhaa inaanza kupotoka kidogo kidogo, skrini inaonesha 7.2 na maji yenyewe ni 8, na ukishapita 8 klorini inalegea. Kompyuta haijui imedanganywa. Anajua yule aliyekwenda na kichupa na kidonge kama dada alivyosema.

Ukitaka kuja huku baadaye, wanaangalia vyeti na uzoefu wa miaka miwili au zaidi kwenye mtambo wenyewe. Kwa hivyo soma nyumbani, fanya nyumbani kwanza. Na yeyote atakayekwambia tuma pesa nikupeleke Ghuba kazi ya maji, mkimbie, nimewapokea vijana huku waliolipa wakakuta kazi ni kubeba mizigo sokoni.

KijanaWaMuyeye

Sina maneno, Mola awalipe nyote. Meseji ya karo nimemwonesha ami usiku huo huo. Hakusema kitu, asubuhi nimemkuta amefunga kamba mpya nyuma ya kiti cha dereva, na amemwambia taniboi hakuna kushuka. Kile kidude cha gesi amesema nimtafutie bei.

Nimeamua majitaka, sertifiketi KEWI, nikiomba awamu ijayo. Daftari nimeanza juzi, nimeandika karo saba tayari, na mbili nimeandika rangi ya tope maana moja lilikuwa jeusi tii na lingine la kijivu, sijui kama lina maana ila nimeandika. Ila kabla chuo hakijafunguka nna miezi kadhaa na ningependa kuona RO kwa macho ikifunguliwa. Ami Fundi, nikija Lamu kwa dada naweza kukutembelea? Sitaki malipo.

BintiWaMaabara

Lina maana. Nyeusi ni tope lililooza bila hewa siku nyingi, la kijivu bado ni bichi, pengine karo limenyonywa karibuni au watu wameongezeka ndani ya nyumba. Endelea kuandika rangi.

Fundi wa Langoni

Karibu mwanangu. Panda basi la asubuhi, ukifika Mokowe uvuke kwa boti, dadako atakuelekeza Langoni na kisandukuni nitakupa namba. Uje kabla ya Jumatano, siku hiyo nabadilisha filta za mashine ya upande wa pili na twaondoka na maji yakijaa saa kumi na mbili. Vaa viatu vya kufunika vidole na uje na hilo daftari lako, kuna ukurasa wa namba nne nataka uandike wewe, mimi macho yangu usiku huu yameanza kuniruka mistari.

Na uliza mtu sokoni Malindi akupatie vile vijisamaki vidogo, kama kumi hivi, kwenye chupa pana. Birika la nyanya bado lipo na halina kitu.